Boksi la sampuli za DNA: silika haitoshi kwa minazi ya Lamu

Nyota 3 kati ya 5. Ndani mna mifuko 50 ya zipu, pakiti za gramu 10 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ya rangi ya machungwa, vitambaa vya spiriti, lebo na kadi. Mifuko ni imara. Hata mashuani kutoka kisiwa cha Pate hadi Amu (mji wa Lamu) haiingizi maji.

Tatizo ni silika. Maelekezo yanataka pakiti moja kwa gramu 2 za jani. Ukuti wa mnazi ni mgumu, una nta, na hewa ya huku ni ya unyevu, kwa hiyo weka pakiti mbili. Jani lisipokauka ndani ya saa 24 hugeuka kahawia, na DNA yake imeshakatikakatika. Silika ikigeuka kijani kabla jani halijawa kavu la kuvunjika, ibadilishe papo hapo. Ile iliyoshiba maji hukaushwa kwenye oveni isiyozidi nyuzi 120. Juu ya jiko la mkaa rangi huungua, usijue tena ipi ni kavu.

Mkwezi achukue ukuti kwenye kuti changa lililokwisha kufunguka, asiguse kilele: mnazi hauna cha akiba. Pangusa chumvi, toa chelewa (humo ndimo maji yanamojificha), kata vipande vya sentimita 1.

Uzembe hapa hupotosha historia nzima ya mnazi. Mwaka 2011 watafiti Gunn, Baudouin na Olsen walipima alama 10 za DNA katika minazi zaidi ya 1,300, wakaona koo mbili, ule wa Pasifiki na ule wa Bahari ya Hindi na Atlantiki, dalili kwamba mnazi ulianza kupandwa mashambani katika sehemu mbili tofauti. Madagaska na Komoro koo hizo zimechanganyika. Alama za aina hii husomwa kwa urefu wa kipande cha DNA, na kila mti una vipande viwili, kimoja cha kila mzazi. DNA ikikatika, kipande kirefu hakisomeki, kinabaki kifupi peke yake; mnazi mrefu uliochavushwa na jirani waweza kusomeka kama mfupi unaojichavusha wenyewe.

Kadi nayo haina nafasi ya umbo la tunda. Andika nyuma, kwa penseli, maana wino hufutwa na spiriti: ni refu lenye pembe na kumbi nene, au la mviringo lenye maji mengi? Litazamwe likiwa nazi, si dafu wala koroma.