Hatamu hii ni nzuri utosini, ila mkanda wake wa pua umenikera

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nipo na Nuru, farasi jike wangu wa miaka tisa, na alichovaa kichwani ndiyo ile hatamu mliyoniuliza sana tangu ilipoonekana kwa sekunde chache kwenye video ya kusafisha matandiko. Nimeitumia miezi miwili. Nimeinunua kwa hela yangu, hakuna aliyenitumia bure. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu tatizo nitakalowaonyesha lipo kwenye hatamu za kampuni nyingi, na sitaki mtu atoke hapa akidhani akikwepa jina moja basi amepona.

Kitu kimoja tuelewane. Nikisema hatamu leo, namaanisha mikanda yote ya kichwani. Zile za mkononi nitaziita vigwe. Juzi kwenye maoni watu wawili walibishana siku nzima kumbe kila mmoja anazungumzia kitu kingine.

Ngozi, rangi, saizi, hayo mnayajua, yameandikwa kwenye boksi. Naruka.

Naanza na kilichonifurahisha. Sogeza kamera hapa nyuma ya masikio. Mnaona mkanda wa utosini ulivyokatwa? Hauendi moja kwa moja. Umechongwa ukarudi nyuma kidogo ili kupisha shina la sikio. Hapa chini ya vidole vyangu ndipo fuvu linapokutana na mfupa wa kwanza wa shingo, na kano kubwa ya shingo inakuja kujishikiza papa hapa. Sasa fikiria: uzito wa lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, mikanda ya mashavu, mkanda wa pua, vyote vinaning'inia hapa. Ile hatamu yangu ya zamani ilikuwa na mkanda mwembamba wa kushikilia ule wa pua, unaopita chini ya mkanda wa utosini, kwa hiyo ngozi ya farasi ilikuwa inabanwa na kamstari kembamba. Kwenye hii, mkanda huo unapita juu, ndani ya mfereji wake, na chini kuna sponji pana. Naingiza kiganja changu... kinaingia, kinazunguka mpaka upande wa pili, na Nuru wala hainui kichwa. Zamani ukimgusa hapa baada ya mazoezi alikuwa anakwepa. Hapo nawapa kampuni pongezi zao zote.

Ila siku ya kwanza haikuwa hivi. Ilipotoka kwenye boksi, mkanda wa pajini, ule unaopita mbele kwenye paji la uso, ulikuwa mfupi. Na huu ni ugonjwa wa hatamu nyingi: wanakuuzia mkanda wa utosini uliochongwa kitaalamu, halafu mkanda wa pajini unauvuta wote mbele mpaka unakaa juu ya masikio. Ule mchongo unakuwa hauna kazi. Nilitoa mkanda wa pajini wa hatamu ya zamani, mrefu kidogo, nikaufunga kwenye hii. Angalieni: kidole kinapita kati ya ngozi na sikio bila kusukuma. Kama farasi wako anatingisha kichwa au anakataa kuvalishwa, kabla hujamwita mkaidi, angalia huu mkanda wa pajini kwanza.

Sasa. Mkanda wa pua. Kaeni hapa, maana ndiyo sababu ya video hii.

Hatamu imekuja na mkanda wa pua wa aina ya kuvuta. Ngoja niutoe niwaonyeshe mkononi, kwa sababu Nuru sijamfunga huu, amevaa wa kawaida niliouweka mimi. Mnaona kipete hiki? Mkanda unatoka upande huu, unaingia kwenye kipete, unarudi ulikotoka, ndipo unafungwa kwenye bizimu. Ni kama kapi la kisimani. Nguvu uliyoweka mkononi inafika kwa farasi karibu mara mbili. Na wewe uliyevuta huoni kama umevuta sana! Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu mwenye mkono mwepesi kabisa, mtu anayempenda farasi wake, anaweza kumbana mpaka mwisho akiwa anaongea na simu.

Jambo hili sitamfanyia Nuru. Namfanyia mkono wangu. Nakunja sweta, nazungusha mkanda juu ya mfupa huu wa mkono wa chini, kwa sababu pale puani kwa farasi napo ni hivi hivi, ngozi halafu mfupa, hakuna nyama ya kukinga. Navuta. Tundu la tatu. Bado naona kawaida, si ndiyo? La nne. Sasa vidole vyangu vinaanza kuwasha. La tano... nimevuta kwa vidole viwili tu mmeona, sikutumia nguvu. Nahesabu mpaka thelathini kimoyomoyo. Nafungua. Sogeza kamera karibu. Hiyo alama mnaiona? Mishono imejichora moja moja. Na sponji ipo, tena nene. Sponji inasambaza mgandamizo, haiuondoi. Kampuni ikikuandikia kwamba mkanda una sponji mara mbili, wewe uliza: kwa nini ilihitajika mara mbili?

Halafu kuna mashavu. Magego ya juu ya farasi kwa upande wa nje huwa na kingo kali zinapochongoka. Ukibana mkanda, unalisukuma shavu kutoka nje likutane na kingo hizo kutoka ndani. Vidonda vinatokea mahali ambapo wewe huwezi kuviona ukiwa umesimama hapa na brashi yako.

Sasa kupima. Wengi tumefundishwa vidole viwili, na kanuni ni nzuri, tatizo ni mahali tunapoviweka. Tunaviweka hapa pembeni, shavuni, au chini ya kidevu. Pembeni pana bonde, kidole kitaingia hata kama juu pamekaza kama ngoma. Vidole viwekwe hapa mbele, juu ya mfupa wa pua, katikati. Na vidole vya nani? Vyangu vyembamba, vya mdogo wangu anayeshika kamera ni vinene. Ndiyo maana nikanunua hii kabari. Ni kipande cha plastiki tu, chembamba mbele, kinanenepa kurudi nyuma, kina alama ya kidole kimoja na vidole viwili. Unaiteleza chini ya mkanda bila kulazimisha, inaposimama unasoma. Kwa Nuru leo... inapita alama ya pili. Safi.

Msidhani haya ni mambo ya kudekeza farasi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa farasi 750 wa mashindano huko Ayalandi, Uingereza na Ubelgiji, waliopimwa kwa kabari ya namna hii. Waliokuwa na nafasi ya vidole viwili ni asilimia 7. Asilimia 44 hawakuwa na nafasi hata ya kidole. Hao ni farasi wa watu wenye makocha! Denmaki mwaka 2018 waliweka kanuni ya nafasi isiyopungua sentimita 1.5 chini ya mkanda wa pua, na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, mwaka 2025 nalo likaanza kutumia kifaa chake cha kupimia, hapo hapo mbele kwenye mfupa wa pua. Kwa hiyo ukienda kwenye mashindano yao hakuna tena kubishana vidole vya nani.

Kwa nini watu wanabana? Kwa sababu farasi anafungua mdomo, na mdomo wazi unapunguza alama na unaonekana vibaya kwenye picha. Jamani. Farasi anafungua mdomo kwa sababu kuna kitu mdomoni kinamsumbua. Ukimfunga, hujakitoa kile kitu. Umemnyima tu namna ya kukuambia.

Ambako kunatuleta kwenye lijamu. Hatamu hii inauzwa bila lijamu, na ni sawa kabisa, kwa sababu mdomo wa kila farasi una vipimo vyake. Hapa lazima niseme jambo. Kwenye video ya zamani niliwaambia lijamu nene ndiyo ya upole na nyembamba ndiyo ya ukatili. Kauli ile naifuta. Alipokuja fundi wa hatamu, mama mmoja mwenye mikono ya taratibu sana, jambo la kwanza alilofanya hakugusa hatamu. Alifungua midomo ya Nuru kwa kidole gumba, akanionyesha ulimi. Ulimi unajaza mdomo wote. Unagusa kaakaa juu, unafurika mpaka kwenye lile pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, ambapo lijamu hukaa. Akaniuliza, "Chuma chako cha milimita 18 kitakaa wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Tukashuka hadi milimita 14, yenye viungo viwili na kipande kidogo cha mviringo katikati, na wiki hiyo hiyo Nuru akaacha kuvuta ulimi nyuma.

Nyembamba sana nayo inakata, msinielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba angalia mdomo kwanza, ndipo uangalie duka.

Upana: tulipitisha kijiti mdomoni, tukaweka alama kwenye kona zote mbili za midomo, tukapima. Milimita 125. Kwa lijamu ya pete zinazozunguka unaacha kama milimita 5 kila upande ili pete isifinye ngozi ya kona. Ikizidi hapo inaanza kuteleza kulia na kushoto, viungo havikai tena katikati, na ukivuta kigwe kimoja chuma chote kinahama. Kimo cha lijamu mdomoni: ile habari ya mikunjo miwili kwenye kona ya mdomo, ichukueni kama mwanzo tu. Farasi mwenye midomo minene atakuonyesha mikunjo kabla lijamu haijafika mahali pake. Mwenye midomo membamba utamvuta mpaka atabasamu ukitafuta huo mkunjo wa pili.

Najua kuna atakayeandika, "Si utumie hatamu isiyotumia lijamu kabisa?" Ninayo, na siku za matembezi naitumia. Ila ile nayo inafanyia kazi puani, pale pale penye ngozi na mfupa. Ukiifunga chini sana inakaa kwenye ncha ya mfupa wa pua, palipo pembamba na dhaifu. Kutoa chuma hakukupi ruhusa ya kubana. Kabari itumike huko pia.

Bei. Hii imenigharimu karibu mara tatu ya hatamu yangu ya zamani, na bado nimebadilisha mkanda wa pajini na mkanda wa pua. Mwanzoni mwa miezi hii miwili ningewaambia inunueni kwa ajili ya utosi peke yake. Sasa hivi nasema hivi: kama duka lao linakubali kukuuzia mkanda wa utosini peke yake, na la kwangu baadaye nimegundua linakubali, nunua huo, funga kwenye mikanda yako ya zamani. Hela inayobaki mlipe fundi aje amwone farasi wako akiwa amesimama, halafu akiwa anatembea. Kabari nayo ni bei ndogo kabisa, ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyonunua mwaka huu na ndicho ninachokitumia kila siku.

Kidogo kuhusu chaneli: kuanzia sasa video zitatoka mara moja kwa wiki badala ya mbili, nipate muda wa kupima vitu vizuri kabla sijawaambia. Wiki ijayo atakuwepo daktari wa meno ya farasi, kwa sababu ile habari ya kingo za magego nataka muione kwa macho. Maswali yenu wekeni hapo chini, nitamsomea. Na kama hujajisajili, bonyeza hapo.

Haya, namvua. Nafungua mkanda wa koo, mkanda wa pua, nauleta mkanda wa utosini mbele taratibu, nasubiri mpaka aiachie lijamu mwenyewe, siivuti... ameiachia. Leteni mwanga. Kona za mdomo: hakuna mchubuko, hakuna wekundu. Puani: nywele zimelala kidogo, lakini nikipitisha mkono zinainuka, na ngozi haijabonyea. Hapa kuna nywele nyeupe chache, hizo ni za hatamu ya zamani, hazitarudi kuwa nyeusi. Nyuma ya masikio... jasho limeenea sawasawa kulia na kushoto. Na huyo anapiga miayo. Tatu mfululizo. Njoo mama, twende ukanywe maji.