Civilization VI: mlowezi wako usimkabidhi mshauri

Civilization VI ni mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu. Nianze na hasira, nikitulia nitasifu. Ile alama ya mshauri wa mchezo inayochomoza juu ya kigae (kipande cha ramani) ukimgusa mlowezi, yule anayesimika mji mpya, eti mji ukae hapa, sijui nani aliiona ina faida. Haijui kama wewe unatafuta kampasi ya sayansi au bandari. Inaona chakula na rasilimali za karibu, inapiga muhuri. Anayeanza anaiamini, zamu hamsini baadaye anashangaa kwa nini mji wake umedumaa.

Na kosa hilo lina bei. Kwa mwendo wa kawaida mlowezi wa kwanza anagharimu uzalishaji 80, kila anayefuata anaongeza 30, na mji unaomtoa unapoteza mkazi mmoja. Mji ukishasimikwa ndio basi, haung'oki.

Cha kwanza ni maji, mengine baadaye. Kando ya mto, ziwa au oasisi unapata makazi 5, yaani nafasi za wakazi. Pwani bila maji matamu 3. Pakavu 2 tu, na hapo ndipo watu wanapoumia: nafasi ikibaki moja, ukuaji unakatwa nusu, zikiisha, inabaki robo. Maana yake mji wa makazi 2 unaanza kusuasua tangu mkazi wa kwanza! Mfereji wa maji unaweza kuuokoa mpaka 6, ila lazima ugusane na kitovu cha mji na pia mlima, mto, ziwa au oasisi. Mlima ukiwa kigae cha pili kutoka mjini, na kigae cha katikati umeshakijengea wilaya nyingine (sehemu maalumu ya mji, kama kampasi au bandari), umekwisha.

Kukiwa na kilima cha tambarare kavu kando ya mto, kimbilia hapo. Kitovu kinatoa chakula 2 na uzalishaji 2, badala ya 2 na 1 za ardhi bapa. Zamu moja ya kutembea inalipa. Mbili, labda. Zaidi ya hapo unachezea muda.

Kati ya miji acha vigae vitatu, yaani simika kwenye cha nne. Wanaotawanya miji mbalimbali ili kila mmoja uwe na nafasi tele, sikubaliani nao. Wilaya zikipakana zinapeana nguvu. Kabla ya kusimika, chomeka pini kwenye ramani: kampasi penye milima mingi, maana kila mlima unaopakana ni +1 ya sayansi, soko kando ya mto, +2 ya dhahabu, bandari igusane na kitovu cha mji, +2 nyingine. Pini zisipokaa vizuri, sogeza mlowezi, usisogeze pini.

Sasa nikiri. Skrini hiyohiyo yenye alama ninayoichukia ina lenzi ya mlowezi, yaani rangi zinazofunika ramani, na lenzi hiyo ni nzuri ajabu. Kijani kilichokoza ni maji matamu, kijani chepesi pwani, nyekundu hapasimikwi. Kwenye nyongeza ya Rise and Fall inakuonyesha hata uaminifu, yaani utii wa mji kwako, utakavyokwenda. Hilo usilidharau: wakazi wa miji iliyo ndani ya vigae 9 wanauvuta mji wako upande wao, na nguvu yao inapungua kwa asilimia 10 kila kigae. Uaminifu wa 100 ukishuka kwa 20 kila zamu, mji umekwenda baada ya zamu tano. Alama ya mshauri, wala haioni aibu kukuita mpakani kwa jirani mwenye miji minene.

Starehe, yaani furaha ya wakazi, nazo: kila bidhaa ya anasa inatuliza miji minne, kwa hiyo mji mpya usioleta anasa ngeni uwe na sababu nyingine. (Ukibahatika kuwa msimamizi wa Zanzibar, mji-dola ndani ya mchezo, mdalasini na karafuu zinatoa starehe 6 kila moja. Haki yetu hiyo.)

Nilitaka kutoa nyota mbili. Lenzi inanilazimisha nne. Nikiikumbuka ile alama narudi tatu.