Panya wa kifafa: Open Ephys au Cyton ya OpenBCI?

Sisi wa Kampala tunaotaka kurekodi umeme wa ubongo wa panya wenye kifafa kwa bajeti ndogo tuna vifaa viwili, Open Ephys na Cyton, ambavyo michoro na msimbo wa programu viko wazi kwa yeyote. Cyton, bodi ndogo ya kampuni ya OpenBCI, ndo rahisi, ilitengenezwa kwa ajili ya watu lakini chaneli zake 8 zinamtosha panya, inatumia betri kwa hiyo umeme ukienda (na unaenda tu) bodi haizimi, na ile kelele ya 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) inayotoka kwenye umeme wa ukutani inapungua. Shida ni spidi: kwa redio inachukua sampuli (vipimo) 250 kwa sekunde, yaani juu ya nusu yake, 125 Hz, huoni kitu, shambulio la kifafa lenyewe utaliona vizuri ila yale mawimbi ya ubongo ya kasi ya 250 mpaka 500 Hz sahau. Open Ephys inatumia chipu za kampuni ya Intan za kukuza ishara za ubongo, inafika sampuli 30,000 kwa sekunde, programu ni bure, lakini mfuko utalia na mafaili yanajaza diski fasta. Waya kujisokota panya akizunguka, hapo zote sawa, tena anautafuna! Kama unahesabu mashambulio tu usiku na mchana, mi nachukua Cyton na betri za akiba.