Uzoefu Wangu na Rimasta za Roki: Albamu za Jukwaani Ndizo Zinazolipa

Ninaishi Kisumu, na kwangu mimi tamasha la bendi kubwa ya roki kutoka ng'ambo ni jambo la kulisoma tu. Kwa hiyo albamu iliyorekodiwa jukwaani si pambo la mkusanyo wangu, bali ndiyo tamasha lenyewe. Baada ya miaka mingi ya kulinganisha matoleo ya zamani na yale yaliyosafishwa upya, nimefikia uamuzi ambao niko tayari kuutetea: kama una fedha ya rimasta moja, yaani toleo moja lililosafishwa upya, nunua ya albamu ya jukwaani. Albamu za studio, hasa zile zilizotengenezwa vyema tangu mwanzo, mara nyingi haziongezewi chochote isipokuwa makelele.

Inafaa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Rimasta huchukua mchanganyo wa mwisho, kama ulivyopangwa na fundi wa awali, na kuugusa kwa ujumla wake: nguvu ya sauti, uzito wa besi, ukali wa sauti za juu, mikwaruzo ya kanda. Rimiksi hurudi nyuma zaidi, hadi kwenye kanda zenye kila ala peke yake, na hapo fundi anaweza kumsogeza mwimbaji mbele au kupunguza mwangwi. Albamu ya Ten ya Pearl Jam inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Toleo la 1991 limezama katika mwangwi. Mwaka 2009 Brendan O'Brien aliichanganya upya na kuuondoa kwa sehemu kubwa. Wimbo wa "Even Flow" umenufaika waziwazi, kwa sababu magita ya Stone Gossard na Mike McCready sasa yanaweza kufuatwa moja moja. Hata hivyo "Release", unaoifunga albamu, ulihitaji ule upana wa awali, na kwa wimbo huo bado ninarudi kwenye toleo la zamani.

Albamu iliyonifanya niyaamini matoleo yaliyosafishwa upya ni Live at Leeds ya bendi ya The Who. Ilirekodiwa tarehe 14 Februari 1970 katika ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na santuri iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa na nyimbo sita pekee, mmoja wao, "My Generation", ukikaribia dakika kumi na tano. Kanda ile ilikuwa na milio midogo ya kukatakata, na kwenye lebo ya santuri waliandika kwamba mikwaruzo hiyo ni sawa na isirekebishwe. Mwaka 1995 albamu ilichanganywa upya na kusafishwa kutoka kwenye kanda zenyewe: milio ikaondolewa kwa kompyuta, na nyimbo zikaongezeka kutoka sita hadi kumi na nne. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wengi walikuwa wakiisifu sehemu ndogo tu ya usiku ule.

Katika toleo hilo John Entwistle wa besi na Pete Townshend wa gita wamewekwa kila mmoja upande wake, Keith Moon wa ngoma akiwa katikati, na kwa kuwa bendi ilikuwa na gita moja tu, lililoongoza na kushika mdundo kwa pamoja, besi inalazimika kufanya kazi ya gita la pili. Mtu aliyekulia katika ukanda huu wa ziwa hahitaji kufundishwa kuisikia kazi hiyo, kwani benga ilikwisha kutuzoesha besi inayozungumza badala ya kufuata tu. Jirani yangu, mzee aliyewahi kupiga besi katika bendi za hoteli za hapa, hapendi roki hata kidogo, lakini nilipomsikilizisha "Young Man Blues" aliniambia, "Kijana, huyu wa besi ndiye mwenye bendi." Sijapata kusoma hakiki ya albamu ile iliyosema ukweli huo kwa maneno machache kiasi hicho.

Kuna pia toleo la 2001 la diski mbili, ambalo lina mfululizo mzima wa Tommy, opera ya roki ya bendi hiyo, kama ulivyopigwa usiku ule. Nalipenda kwa ukamilifu wake, lakini lina kasoro moja inayonisumbua kila ninapolisikiliza: Tommy, iliyopigwa katikati ya onyesho, imehamishiwa diski ya pili peke yake, kwa hiyo mpangilio wa jukwaani umevunjika na msikilizaji anafikishwa kwenye kilele kabla ya kupanda mlima. Kwa anayeanza, nashauri toleo la 1995. Lina muda wa kutosha kukuonyesha bendi ilivyokuwa, na linasikika kwa kikao kimoja bila kuchosha.

Made in Japan ya Deep Purple naiweka karibu nayo sana, na siku nyingine naiweka juu. Ilirekodiwa Agosti 1972, usiku mbili Osaka na mmoja katika ukumbi wa Budokan jijini Tokyo, na Martin Birch akiwa fundi wa sauti. Wazo la kwanza lilikuwa iuzwe Japani tu. Nguvu yake iko katika urefu wa nyimbo. "Child in Time" inapita dakika kumi na mbili, na "Space Truckin'" inachukua upande mzima wa santuri, Jon Lord na kinanda chake wakivutana na gita la Ritchie Blackmore hadi wimbo wa asili unasahaulika. Rafiki zangu wasiopenda roki hulalamika kwamba urefu huo ni majivuno. Sikubaliani nao, na ninawakumbusha kwamba benga nayo hufikia mahali waimbaji wakanyamaza na kuyaachia magita uwanja, na hakuna anayelalamika wakati huo. Watu huinuka kucheza. Rimasta ya 1998 imeweka wazi ngoma za Ian Paice bila kuufuta ukumbi, na diski yake ya pili ina nyimbo za nyongeza zilizopigwa mwishoni mwa maonyesho. Kwa mwenye subira zaidi, mkusanyo wa diski tatu uliotolewa mwaka 1993 kwa jina la Live in Japan unakuwezesha kulinganisha usiku mmoja na mwingine, na utashangaa jinsi Blackmore alivyokataa kurudia kitu kilekile.

Ubaya wa rimasta nyingi ni kubana sauti. Fundi anapandisha sehemu za chini na kukata vilele ili wimbo wote usikike kwa nguvu moja, na matokeo yake ni kwamba ngoma inapopigwa kwa hasira haizidi ile iliyopigwa kwa upole. Mfano maarufu hata si rimasta: Death Magnetic ya Metallica, ya mwaka 2008, ilibanwa kiasi kwamba mashabiki walisifu nyimbo zilezile zilizotumika katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, kwa sababu hizo hazikubanwa hivyo. Nyimbo zake ni nzuri, na ndiyo maana inauma. Tabia hiyohiyo ilipohamia kwenye albamu za miaka ya 1970, ilifuta kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kwa kupandisha sauti ya spika: kimya kinachotangulia pigo.

Haki itendeke, kuna mahali ambapo toleo lililobanwa linafaa. Ndani ya matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, injini ikiunguruma na dereva akiwa na muziki wake, utangulizi wa polepole wa "Child in Time" haupo kabisa katika visikizi vyangu. Toleo lenye nguvu moja linasikika. Vivyo hivyo mvua ya jioni inapopiga mabati. Lakini nyumbani usiku, kwa spika mbili za kawaida zilizotenganishwa vizuri, toleo hilohilo linachosha masikio kabla albamu haijafika nusu. Isitoshe, huduma za kusikiliza mtandaoni, Spotify ikiwa mojawapo, husawazisha nguvu za nyimbo, kwa hiyo rimasta iliyobanwa hushushwa hadi kiwango cha nyingine na kupoteza faida yake pekee, huku vilele vilivyokatwa vikibaki vimekatwa. Kabla ya kuhifadhi albamu kwenye simu, angalia mwaka ulioandikwa kando ya jina la rimasta, tafuta toleo jingine, kisha usikilize dakika zilezile mbili katika yote mawili.

Kuhusu MTV Unplugged in New York ya Nirvana, iliyorekodiwa Novemba 1993 na kutolewa mwaka uliofuata baada ya kifo cha mwimbaji wao Kurt Cobain, sina ushauri wa toleo. Lolote utakalopata litakutosha.

Nimeacha kwa makusudi roki ya bara letu hadi hapa, kwa sababu ndiyo iliyosubiri muda mrefu zaidi kusafishwa. Zambia ya miaka ya 1970 ilizaa muziki wa roki uliokuja kuitwa Zamrock, ukichanganya gita lenye mkwaruzo mzito na midundo ya nyumbani, na bendi ya WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, ilitoa Lazy Bones!! mwaka 1975. Mwaka huohuo Amanaz walitoa Africa, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote za Zamrock. Santuri zake zilikuwa adimu sana kabla ya kutolewa upya, na katika toleo la lebo ya Now-Again ya Marekani utapata michanganyo miwili ya albamu nzima: mmoja mkavu, mwingine uliojaa mwangwi. Wengi husifu ule wa mwangwi kwa sababu unaifanya bendi ionekane kama inapiga kutoka mbali na kwa siri. Mimi nachagua mkavu bila shaka yoyote. Humo magita yako karibu, makosa madogo ya vidole yanasikika, na waimbaji wanasikika kama watu wa jirani wanaokutazama usoni. Nao, ingawa ni wa studio, ndio ulio karibu zaidi na jukwaa kuliko albamu yoyote ya studio niliyoitaja hapa.