Kikasha cha Aki Kaurismäki: kununua au kuacha?

Haya jamani, mambo vipi. Leo mezani nina hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye kamera. Kava ya karatasi ngumu, ndani vijikasha vitatu vyembamba, kila kimoja na diski yake. Wametoa Criterion, kampuni ya Marekani inayouza filamu kwenye DVD, mwaka 2008, kwenye safu yao ya Eclipse. Filamu tatu, zote kaziandika na kuziongoza Mfini, Aki Kaurismäki. Ukitafuta mahojiano na mapambo mengine kwenye diski, utatoka kapa. Filamu na maandishi ya Kiingereza chini, basi.

Kabla hujatoa hela: hizi ni diski za ukanda namba 1, wa Marekani na Kanada. Sisi huku tuko namba 5. Kama deki yako haijafunguliwa kusoma diski za kanda zote, itagoma.

Tuingie ndani. Shadows in Paradise, 1986: dereva wa gari la taka anampenda keshia wa supamaketi, na hakuna kati yao anayejua kutongoza. Nimecheka peke yangu, na humo hakuna mtu anayecheka! Nyuso kavu kama mwiko. Ariel, 1988, ni mchimba madini ambaye mgodi umefungwa, anashuka kusini kwa Cadillac isiyofunika paa, baridi ya Ufini hiyo. Mwanzo mtamu, ila ikifika mambo ya jela naona inakimbizwa.

Sasa hii ya tatu. The Match Factory Girl, 1990. Inaanza na gogo: linachunwa, linakatwa, linageuka njiti za kiberiti, mashine tu zinaunguruma. Ndipo unamwona Iris, binti wa kiwandani. Mshahara anapeleka nyumbani kwa mama na baba wa kambo. Siku moja anajinunulia gauni, baba wa kambo anamzaba kibao. Maneno machache mno. Baadaye anaingia dukani kununua sumu ya panya, na mimi naishia hapo.

Iris ni Kati Outinen, ndiye yule yule keshia wa filamu ya kwanza. Mshikilie huyo mama, kwa sababu mwaka 2002 The Man Without a Past ilipopata Grand Prix kule Cannes, tamasha la filamu la Ufaransa, tuzo ya mwigizaji bora wa kike alibeba yeye. Mzee mwenyewe 2017 akachukua Dubu wa Fedha, tuzo ya uongozaji ya tamasha la filamu la Berlin, akatangaza kustaafu. Kustaafu gani! 2023 karudi na Fallen Leaves, wafanyakazi tena, upweke tena, Cannes wakampa tuzo ya Jury. Wanaihesabu kuwa ya nne kwenye mfululizo wa hizi tatu za kikasha.

Hakuna hata moja humu inayofika dakika 80. Mimi ningekinunua tena. Anza na ya dereva wa taka, na hiyo ya kiberiti usiiwashe siku umegombana na wazazi.