Jeki ya mkasi na gudumu la mbele la Boxer: uzoefu wangu

Ninatumia jeki ndogo ya mkasi, ile ile inayobebwa kwenye magari madogo, kurudishia gudumu la mbele la pikipiki yangu ya Bajaj Boxer hapa Tororo bila kumwita mtu wa kunishikia usukani. Niliinunua Ndeeba, Kampala, ambako wengi wetu hufuata vipuri, na imeandikwa uwezo wa tani moja, mzigo ambao pikipiki ya kilo mia na ushei haiukaribii hata kidogo. Kwa hiyo nguvu zake sizihesabu kuwa sifa.

Sifa yake ni kushuka polepole. Anayefanya kazi hii peke yake bila jeki hulazimika kuliinua gudumu kwa mkono mmoja, kulilenga kati ya shokapu mbili na kusukuma ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gudumu, kwa mkono wa pili, huku bushi, kile kipande kama bomba kinachovaa ekseli, ikimdondokea mchangani. Kwa jeki mambo hugeuka: gudumu husimama chini juu ya ubao, na pikipiki ndiyo inayoteremshwa kulifuata. Robo mzunguko tu wa mpini huishusha kidogo mno, kwa hiyo huchuchumaa, nikamulika tochi ya simu katika tundu la ekseli la upande mmoja, nikaendelea kuzungusha hadi mwanga utokeze upande wa pili. Hapo ekseli iliyopakwa grisi huingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo.

Yaliyobaki ni juu ya mwenye pikipiki. Yangu ina breki ya dramu mbele, na sahani inayobeba viatu vya breki ina mfereji ambao ni lazima ukae juu ya nundu iliyo kwenye mguu wa shokapu. Usipokaa, sahani itataka kuzunguka pamoja na gudumu mara breki itakaposhikwa, na hilo si jambo la kujaribia barabarani. Mfereji ukishakaa, naufunga mkono wa breki kwenye usukani kwa mpira wa tyubu kuukuu ili viatu vikae katikati ya dramu, ndipo naikaza nati.

Kasoro zake zipo. Kichwa cha jeki ni chembamba na ni chuma kitupu, hivyo huteleza kwenye fremu usipokiwekea kipande cha ubao mgumu, na wala hakifai kuwekwa chini ya bomba la ekzosi. Isitoshe, jeki pekee haiisimamishi pikipiki: ni lazima iwe kwenye stendi ya katikati, na gudumu la nyuma lizuiwe kwa mawe mbele na nyuma, kwa kuwa mbele inapoinuka nyuma hushuka hadi kugusa ardhi, na pikipiki ikisogea mbele stendi hukunjika. Mwenye pikipiki ya stendi ya pembeni peke yake nisingemshauri ainunue.

Vumbi letu jekundu nalo hunata kwenye skrubu ya jeki yenye grisi na kuifanya iwe nzito, basi huifuta kwa kitambaa chenye dizeli kabla ya kupaka grisi mpya. Anayekwenda kununua aizungushe dukani kutoka chini hadi juu kabisa kabla ya kutoa pesa, maana nyingine huanza kukwama zikifika nusu.