Fildi mbili nilizofanya Mwanza: moja ya krediti, moja ya mali kauli

Wadogo zangu wa mwaka wa pili wameshaanza. Haipiti jioni bila ujumbe wa "Dada, fildi ulifanyia wapi, na wanapokea?" Nimechoka kutuma sauti za dakika nne nne, kwa hiyo naandika mara moja, anayetaka asome. Nasoma biashara hapa Mwanza, sasa niko mwaka wa tatu, na fildi ni yale mafunzo ya kazini tunayotakiwa kufanya. Nimekaa sehemu mbili. Moja ilikuwa fildi ya chuo, yenye krediti, logibuku na mhuri. Nyingine nilijipeleka mwenyewe, haimo kwenye matokeo yangu wala haitakuwamo. Zote nitazipa nyota.

Ya kwanza ilikuwa ofisi ya wasambazaji wa bidhaa za dukani, katikati ya mji. Jina nabaki nalo. Kuipata tu ilikuwa kazi: nilizunguka na barua ya chuo Barabara ya Kenyatta, nikaenda Makongoro, nikarudi Pamba, ofisi kumi na moja, na nane kati ya hizo waliniambia "acha barua, tutakupigia". Darasani kila mtu alikuwa anawinda benki na TRA, mamlaka ya mapato. Kwa hiyo siku nilipoitwa nilimshukuru Mungu, nikanunua na viatu.

Wiki ya kwanza nilitoa fotokopi. Ya pili nikatoa fotokopi na kuchemsha chai. Ya tatu nikapewa kubandika risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwenye karatasi nyeupe, na hapo angalau niliokota kitu: maandishi ya zile risiti hufifia, kwa hiyo mhasibu mwenye akili anazitoa kopi mapema, asije siku ya ukaguzi akafungua faili akakuta vikaratasi vitupu. Lakini mfumo wenyewe wa hesabu sikuwahi kuugusa. Nilikaa nyuma ya kijana wa mauzo nikimwangalia anavyobofya, na kila nikiuliza ananijibu, "Hiyo utasoma chuoni." Chuoni nako tulikuwa tumeambiwa hayo tutayakuta fildi.

Logibuku mnaijua: kila siku unaandika ulichofanya, Ijumaa unaandika muhtasari wa wiki, msimamizi anasaini. Yangu ilisainiwa wiki zote nane kwa mkupuo, Ijumaa ya mwisho, kwa kalamu moja, huku bosi akiongea na simu. Hata ningeandika kwamba Jumanne nilimkamata mamba Capri Point, angesaini. Mwalimu wa chuo alikuja mara moja, akakaa dakika kama ishirini, akauliza changamoto ni zipi. Nikasema usafiri. Akaandika usafiri.

Hesabu yake ni hii. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanahesabu krediti 1 kwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mimi nilikaa pale siku 40, saa nane kwa siku, yaani saa 320, na nauli na chakula cha mchana vilinila kama 5,000 kila siku. Laki mbili nzima, za kumwangalia mtu anabofya. Alama nilipata A, sitaki kusema uongo, na ile A imenibebea GPA. Ndiyo maana naipa nyota mbili badala ya moja.

Fildi ilipoisha mwanzoni mwa Septemba chuo kilikuwa bado kufunguliwa. Shangazi yangu anakaa Kirumba, na jirani yake ana stoo ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Sikuwa na mpango wowote mkubwa, nilikuwa nimeishiwa. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shangazi yako kaniambia unasoma biashara. Unajua kuamka?"

Basi, mahojiano yakaishia hapo. Nilimpa ile barua ya chuo iliyobaki kwenye bahasha, akaigeuza, akaandika nyuma hesabu ya magunia yaliyoshuka asubuhi ile. Sharti lake: saa kumi na mbili asubuhi niwe nimefika. Malipo yalikuwa 7,000 kwa siku, na chakula cha mchana kwa mama ntilie wa jirani, ugali na sato.

Asiyewahi kuingia Mwaloni asubuhi aingie siku moja hata kama hataki kazi. Harufu inakukuta barabarani. Ndani ni wapagazi wanaopiga mluzi nyuma yako ili upishe, magunia yamepangwa hadi juu, na watu wanaoongea bei kwa Kiswahili, Kisukuma na Kiswahili cha Kongo kwa wakati mmoja. Viatu vyangu vya fildi vilikufa siku ya pili.

Siku ya tatu nikapewa daftari, na nasisitiza, daftari lenyewe la stoo, si nakala wala la mazoezi. Nikaambiwa, "Ukikosea hapa ni hela yangu." Kwa wiki nane za ofisini hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu ambacho nikikiharibu kitaumiza mtu.

Nikakiharibu haraka sana. Tulikuwa tumepokea magunia 40, mzani ukasema kilo 2,312. Siku ya tisa mteja akataka yote, tukapima tena, kilo 2,241. Zimepotea 71. Nilirudia kupima, nikarudia, nikaanza kuwatazama wapagazi kwa jicho baya. Kuna mmoja mwenye kofia nyekundu nilishamhukumu kabisa moyoni. Nikamwendea mama kwa siri kama mpelelezi, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika nguzo.

"Dagaa wanakauka, mwanangu. Ukiwanunua wabichi-wabichi unanunua maji. Ulitia mkono ndani ya gunia siku ile yaliposhuka?"

Sikutia. Akanifundisha: unaingiza mkono mpaka kiwikoni, unatoa fumba moja, unalibana. Wakavu kweli wanakatika kwa mlio. Wenye unyevu wanajikunja na kukuachia ubaridi kiganjani. Kisha unafungua vidole unaangalia kilichobaki: kama ni mchanga, hao walianikwa chini, bei inashuka, waliokauka juu ya chanja wanaacha mkono safi. Darasani nilishasoma upungufu wa mali stoo, nikajibu na mtihani. Lakini kilo 71 zilizopaa hewani, nikiwa nimeshampa mtu wizi bure, hizo sitazisahau. Mwenye kofia nyekundu nilimnunulia soda bila kumwambia sababu.

Jambo jingine ambalo hakuna kitabu changu kilichonipa: stoo ile inaendeshwa na mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Mama ana kalenda ukutani yenye duara za kalamu, nami nilidhani ni tarehe za vikoba. Kumbe ndiyo makadirio yake ya fedha. Mzigo anajaza gizani, yaani siku zisizo na mbalamwezi, anauachia kidogo kidogo mwezi ukiwa mpana. Mvua nazo zina hesabu yake: zikinyesha wakati wa kuanika, dagaa wanaharibika, na waliokusudiwa kuliwa na watu wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Sasa mali kauli, yaani mzigo unaochukua leo kwa ahadi ya kulipa baadaye. Wiki ya nne akaja mfanyabiashara wa Tunduma, anataka magunia 15, ana fedha ya manane tu, mengine anaomba kwa kauli, wiki tatu. Mama akanigeukia: "Wewe mwenye chuo, tumpe tusimpe?" Nikatoa zile C tano za mkopo tulizofundishwa, moja baada ya nyingine, tabia, uwezo, mtaji, dhamana, mazingira. Akanisikiliza vizuri kabisa, sitanii, hakucheka. Halafu akamuuliza yule baba swali moja: akija Mwanza analala wapi na anakula kwa nani? Baba akataja gesti na mama ntilie. Mama akamtuma kijana akaulize. Kijana akarudi: pale anakuja mwaka wa sita, na hajawahi kuondoka na deni la chakula.

"Haya, amua," akaniambia.

Nikasema tumpe. Mkono ukitetemeka nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, magunia saba, kauli, tarehe ya kulipa. Usiku sikulala vizuri.

Kwa hiyo Mwaloni naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya choo, na kwa sababu hakuna karatasi yoyote niliyotoka nayo. Nilimuuliza mratibu wa fildi kama zile wiki tano zinaweza kuhesabiwa. Akanijibu kwa upole kwamba wanahitaji barua yenye nembo, mhuri, na msimamizi mwenye sifa. Msimamizi wangu kaishia darasa la saba na anajua dagaa kwa kiganja. Sijui hilo tunaliandika kwenye kipengele gani.

Sisemi mkatae fildi ya chuo. Bila hiyo humalizi shahada, na wapo wenzangu waliopata ofisi nzuri zilizowashikisha kazi kweli. Ila ukienda kuomba nafasi usiulize tu "mnapokea?" Uliza wiki ya kwanza utashika nini. Wakikwambia "utajifunza mambo mengi", tafuta pengine kama bado una muda. Na zile wiki zinazobaki kabla chuo hakijafunguliwa msizimalize kitandani. Mwaloni si lazima. Ghala la mchele, duka la vipuri, hata wakala wa fedha mwenye foleni ndefu, popote penye daftari na mwenyewe anayekubali ulishike.

Kama ni Mwaloni, nenda gizani wakati mzigo unaingia, usiende mwezi ukiwa mpana utakuta watu wamekaa. Vaa viatu vya plastiki. Salimia kwanza kabla ya kuonyesha barua.

Yule wa Tunduma siku yake ilipita, hajalipa. Chuo kilikuwa kimefunguliwa, nikawa nakaa darasani nahesabu siku: moja, tano, tisa. Sikuthubutu kumpigia mama. Siku ya kumi na moja, katikati ya kipindi cha kodi, simu ikatetemeka: "Wako kalipa yote. Kaongeza na ya mzigo mwingine. Jumamosi uko wapi?"